Uzoefu wangu: nilivyompata farasi mtulivu Mufindi nikiwa na miaka 44

Kwa miezi mitano sasa, karibu kila Jumamosi, nimekuwa nikipanda farasi katika shamba moja upande wa Mufindi, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka Mafinga. Naandikia mtu mzima mwenzangu anayetamani kuanza na hajui amuulize nani. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Kabla ya hapo mnyama pekee niliyewahi kumpanda ni punda wa babu yangu kule Ismani, utotoni.

Shamba hilo ni la pili. La kwanza, ambalo silitaji, niliumia.

Kule walinitolea farasi dume wa miaka mitano, mwekundu, singa zimechanwa vizuri, mzuri kweli kwa macho. Nilipofika nilimkuta ametandikwa tayari na kufungwa kwenye nguzo. Nilipomshika tumboni karibu na ukanda wa tandiko, mkono ulitoka na jasho. Nikaambiwa ni jua. Ilikuwa mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, sote tumevaa makoti mazito. Mtu wa Iringa anaujua mwezi wa saba, lakini sikuunganisha mambo. Walikuwa wamemkimbiza kabla sijafika, na upole niliouona ulikuwa uchovu. Hakuna aliyeniuliza uzito wangu. Hakuna aliyempanda mbele yangu nione. Alinizungusha vizuri siku ile, nikalipia masomo manne.

Wiki iliyofuata niliwahi kufika, wakamtandika harakaharaka akiwa hajafanya kazi yoyote. Tulipotoka barabarani ikapita bodaboda imebeba mabati. Alipiga shoti. Nikavuta vigwe, zile kamba za kumwongozea, vyote viwili kwa nguvu zangu zote, naye akazidi. Nilianguka kwenye changarawe, nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, nikakaa na plasta wiki sita. Yule farasi simlaumu hata kidogo. Katika umri ule bado alikuwa anafundishwa, nami nilikuwa sijui kitu. Wawili wasiojua hawawezi kufundishana, na aliyetukutanisha alilijua hilo. Fedha za masomo yaliyobaki sikurudishiwa.

Mzazi wa mwanafunzi wangu ndiye aliyenielekeza Mufindi. Nilipiga simu mwezi wa kumi na moja. Mama mwenye shamba hakuanza na bei. Aliuliza nina umri gani, nina kilo ngapi, nimewahi kuanguka, na nataka kupanda ili nifike wapi. Nikamweleza yote, hadi mabati. Akasema, "Basi Mwalimu, njoo saa moja asubuhi, kabla hatujamtoa bandani. Nataka umuone anavyoamka."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniamulia, na huduma yenyewe imekuwa hivyo mpaka leo.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu hata mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hayaonekani. Mzee anayetunza farasi alikuwa mlangoni. "Kamwene, mzee." "Kamwene, Mwalimu." Akanikabidhi kamba na kuniambia nisimame tu, nimtazame yeye kwanza. Farasi mwenyewe ni jike, rangi ya kahawa, ana miaka 17. Vijana wa bandani wanamwita Shangazi kwa sababu farasi wadogo wakigombana yeye ndiye anayekwenda kusimama katikati yao. Mzee alipoingia, Shangazi hakugeuza makalio wala kulaza masikio nyuma. Alishusha kichwa chini, akaingiza pua mwenyewe kwenye hatamu. Aliinua kwato moja baada ya nyingine, kila mguu ukiguswa tu. Akakazwa ukanda wa tumbo bila kugeuka kuuma. Sikuwa nimepanda bado, na tayari nilikuwa najua habari zake nyingi kuliko nilizojua za yule dume kwa wiki mbili.

Kisha wakanipima. Nilipanda kwenye mzani wa magunia ya mahindi nimevaa buti na nimekumbatia tandiko: kilo 86. Mama akaleta futi ya fundi cherehani, akampima Shangazi mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, sentimita 180, na urefu kutoka ncha ya bega mpaka takoni, 165. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu unagawa kwa 11,877. Nilipiga hesabu kwenye simu, ikaja kilo 450. Mzigo wa farasi wanaukadiria usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake, pamoja na tandiko, yaani kilo 90. Nilikuwa ndani ya kipimo kwa kilo nne. Nilifurahi kupimwa. Mtu anayejali mgongo wa mnyama wake ataujali na wako.

Sehemu iliyofuata ndiyo naomba kila anayeanza aidai popote atakapokwenda. Mzee alimpanda yeye kwanza, mimi nikitazama. Mwendo wa kawaida, kisha telki, ule wa kudundadunda, kisha kusimama kwa kukaza mgongo na kuvuta vigwe kidogo tu. Akamtoa peke yake getini, wenzake wakabaki nyuma wanalia. Farasi ni mnyama wa kundi, na wengi wanaoonekana wapole huwa wapole mradi wenzao wako karibu. Shangazi aligeuza sikio moja, akaendelea. Kijana akapita na pikipiki, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa kasi. Mama akafungua mwavuli. Mwisho mzee, akiwa juu yake, alivaa koti la mvua la nailoni linalopiga kelele kama mfuko wa plastiki. Mufindi hilo si jaribio la maonyesho. Masika utalivaa na kulivua njiani.

Kusema kweli alishtuka. Pikipiki ilipopita mara ya pili ilimfanya ainue kichwa na kusogea pembeni hatua moja. Mama hakunificha. Aliniambia farasi asiyeshtuka hayupo, kwa maana macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote ila mbele ya uso kabisa na nyuma ya mkia, na maisha yake porini yalitegemea kukimbia. Cha kuangalia ni anarudi lini. Mzee akaniwekea vidole vyangu kwenye mshipa chini ya taya, nikahesabu. Baada ya dakika chache mapigo yalikuwa 38, na farasi aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44 hivi. Alikuwa amesharudi, mguu mmoja wa nyuma kaulegeza, mdomo wa chini umening'inia.

Nilitaka kumnunua. Mama alikataa. Aliniuliza nitamweka wapi, nani atampunguza kwato kila wiki sita hadi nane, na kilo tisa hivi za majani makavu kwa siku nitazitoa wapi. Akanieleza pia habari ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoweza kuua wengi wa walioambukizwa, ndiyo maana farasi wake wote wanaingia bandani kabla ya jua kuzama na hawatoki mpaka limechomoza. Baridi ya nyanda za juu inasaidia, lakini mvua zinapoanza hachezi. Basi tukakubaliana nimkodi kwa saa, miezi mitatu, kisha tuongeze. Nalipa shilingi 50,000 kwa saa, mwalimu wa kupanda akiwemo. Kwa mshahara wangu si ndogo, na nimeacha mengine ili niipate.

Mapungufu yapo. Kofia ngumu zilikuwa tatu tu na hakuna iliyonikaa. Ya kwangu niliagiza Dar es Salaam, nikapoteza Jumamosi mbili. Barabara ya kuingia shambani mwezi wa tatu ni tope tupu, gari dogo halipiti. Na vikuku vya kukanyagia vya tandiko lile vilikuwa vyembamba kwa buti langu, mguu ungeweza kunasa. Nilisema, vikabadilishwa baada ya wiki tatu. Kwa jambo la usalama ningependa vibadilishwe siku hiyohiyo, na nilimwambia mama hivyo.

Masomo yenyewe yalianza na lile lililonivunja mkono. Wiki nne mfululizo nilifundishwa, kwa mwendo wa kutembea tu, kumgeuza kichwa kwa kigwe kimoja mpaka azunguke na kusimama, badala ya kuvuta vyote viwili. Nimelihitaji mara moja kweli, mwezi wa pili, lori la magogo kutoka Sao Hill lilipopiga honi nyuma yetu. Shangazi aliruka hatua mbili tatu. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe. Akazunguka mara moja, akasimama, akapumua kwa nguvu puani. Nami nilikuwa bado juu. Mzee, aliyekuwa mbele yangu, aligeuka akasema, "Vema, mnyalukolo," yaani ndugu, tukaendelea mpaka kwenye daraja.

Mwezi wa sita Shangazi atapumzishwa wiki tatu, maana vijana wa shule watakuwa wamempanda sana likizo. Mama amenionyesha mwingine wa kumshikia nafasi, dume aliyehasiwa, miaka 13. Nimeomba nije saa moja asubuhi, kabla hajatolewa bandani.