Kusikiliza QO-100 kwa dishi la king'amuzi na SDR ndogo: miezi minane ya kutumia

Wakuu, nimeamua kuandika hii kwa sababu kila anayeulizia jinsi ya kuanza redio za ridhaa kwa satelaiti anapewa jibu lile lile, kanunue redio ya mkononi ya bendi mbili, panda juu ya paa, subiri satelaiti ipite. Mi nilianza hivo hivo na nikakata tamaa mara mbili. Kile kituo cha anga cha ISS kina ripita, yani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, unarusha megahezi 145.990 na toni ya 67 Hz unasikiliza 437.800, ni kitu kizuri kweli sibishi, ila ikipita juu yako una kama dakika kumi tu tena hapo ni ikipita juu kabisa, masafa yanahama kwa sababu inakimbia karibu kilomita nane kwa sekunde, ikija inasikika kama kilohezi kumi juu ikiondoka kumi chini, mkono mmoja umeshika antena mkono mwingine unazungusha masafa. Na kwa sisi wa Dar kuna jambo ambalo watu hawalisemi, karibu nusu ya eneo ambalo ISS inaliona ikiwa juu yetu ni bahari ya Hindi, na mahamu, yani watu wa redio za ridhaa, wa ukanda huu ni wachache, kwa hiyo nyakati nyingi nilikua nasikiliza ukimya. Mtu wa Ujerumani akiinua antena anakuta foleni ya watu, sisi tunakuta mvumo.

Ndo nikahamia QO-100 na ndo nayoisifia hapa.

Kwa asiyeijua, QO-100 ni transponda ya mahamu, yani mtambo unaopokea mawimbi yao na kuyarudisha chini, iliyobebwa ndani ya Es'hail-2, satelaiti ya mawasiliano ya Qatar iliyorushwa tarehe 15 Novemba 2018, mahamu wakafunguliwa Februari 2019. Ni ya kwanza ya mahamu kukaa kule juu kwenye kilomita elfu 36 pamoja na satelaiti za TV, yani haipiti, imesimama pale pale nyuzi 25.9 mashariki saa 24. Inaonekana kuanzia Brazil mpaka Thailand, Ulaya yote, Afrika yote. Na sasa angalia ramani, sisi Afrika Mashariki tupo karibu kabisa na chini yake. Wenzetu wa Uingereza wanalielekeza dishi chini kule kwenye miti na nyumba za majirani, mi hapa Tabata iko nyuzi 72 juu ya upeo, hakuna ukuta wala mwembe unaoziba.

Vifaa vyenyewe sasa. Dishi la sentimita 80 lilikuwepo nyumbani toka zamani, lina kutu kwenye mguu ila sahani yake imenyooka. LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, mpya ya Ku-bendi ya kawaida, ile ya 9750/10600, nilinunua Kariakoo elfu 18. Spilita, ya kugawa kebo moja kuwa mbili, elfu 5. Kebo mita kumi na tano. Halafu kitu chenyewe, SDR, yani redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, yangu ni RTL-SDR Blog V3, kinafanana na flashi, unachomeka kwenye USB ya laptop na laptop inageuka redio, niliagiza nje na mpaka kunifikia kilinigharimu kama laki na nusu. Kilichonifanya nichukue hiyo na sio zile za bei chee ni kwamba ina kristali ya TCXO, masafa hayatembei ovyo, na boksi lake ni la chuma. Nimeiwasha masaa na masaa na haijanisumbua hata siku moja.

Mahesabu ni mepesi. Satelaiti inashusha sauti kwenye 10489.5 mpaka 10490 megahezi, LNB inapunguza 9750 humo, kinachofika kwenye kebo ni 739.5 mpaka 740, na hiyo SDR inaifikia bila shida. Bikoni ya kati, ile ishara ya alama inayosikika muda wote, utaikuta kwenye 739.750 au jirani ya hapo, nasema jirani kwa sababu LNB ya kawaida haiko sahihi kabisa, yangu ilikua imekosea kama kilohezi 60.

Hapa naomba usome taratibu maana ndo nilipoungulia. LNB inahitaji umeme, volti 13 kwa mawimbi ya wima ambayo ndo tunayoyataka, 18 kwa ya ulalo. Mi nilikua na SDR nyingine ya kwanza, ya bei ndogo isiyo na jina, nikaweka spilita, tundu moja king'amuzi kwa ajili ya kulisha LNB, tundu la pili SDR. Sikujua kwamba kuna spilita zinazopitisha umeme matundu yote. Zile volti 13 zikaingia moja kwa moja kwenye SDR, haikutoa moshi wala nini, ilikufa kimya na haikuamka tena. Spilita unayoitaka ni ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, na kabla hujachomeka SDR chukua mita upime lile tundu, lisome sifuri. Mita ya elfu kumi ingeniokolea pesa nyingi na wiki tano za kusubiri mzigo. Na hiyo V3 ina uwezo wa kutoa volti kama 4.5 yenyewe kwenye antena ila usijidanganye, hiyo haiwashi LNB.

Kuelekeza dishi nilimuita fundi wa mtaani, kijana anajua kazi yake vizuri sana, ila satfaida yake, kile kifaa cha kutafutia satelaiti, haikulia chochote, akaniambia "kaka hapa ishirini na sita hamna chaneli yoyote ya huku, unatafuta nini?" Na ni kweli, miale ya TV ya ile satelaiti imeelekezwa Uarabuni, ya mahamu ndo inamwagika dunia nzima inayoonekana kutoka kule. Tukabadilisha mbinu, tukaanza na satelaiti ya nyuzi 36 mashariki ambayo anaijua hata akiwa amefumba macho, kutoka pale tukawa tunalizungusha kwenda magharibi na kulishusha kidogo kidogo huku mi nimeshika laptop naangalia ile picha ya mawimbi. Kama nusu saa hamna kitu. Ilipotokea ilikua mstari mwembamba hafifu sana, fundi akagusa dishi kidogo ukawa mnene, nikamwambia hapo hapo usipumue.

Halafu LNB yenyewe. Watu wengi wanaifunga imesimama wima wanaondoka, sasa sisi tuko karibu na ikweta na satelaiti iko pembeni upande wa magharibi, kwa Dar LNB inatakiwa izungushwe kwenye kishikio chake kama nyuzi 60, sio mbili tatu. Nilipoizungusha tu, sauti zilizokua zinasikika kwa mbali zikaja mbele kana kwamba mtu amefungua dirisha.

Sasa nasikia nini. Nasikia Wajerumani wengi, Waitaliano wakiongea haraka, Wabrazil usiku, Waafrika Kusini, Waarabu wa Ghuba, na kwa upande wa chini watu wa Morse wanapiga taratibu. Kuna kituo cha utafiti cha Wajerumani kule Antaktika, Neumayer III, wana ishara yao ya kujitambulisha hewani, DP0GVN, nao wako humo. Siku niliyowakuta nilimuita mke wangu aje asikie, mtu anaongea kutoka kwenye barafu na sisi tuko hapa na feni imewashwa mwisho, na sauti yake ilikua safi kuliko simu nyingi ninazopokea. Hiyo siku peke yake imenilipa.

Programu ninayotumia ni SDR Console, ya bure ya Windows, na sababu ni moja kubwa, inaweza kuishika ile bikoni na kujirekebisha yenyewe LNB ikihama. Maana itahama. Jua la mchana likiipiga LNB yangu inatembea kilohezi nyingi tu, kwenye SSB, aina ya urushaji sauti wanayotumia humo, hata mia mbili hezi zikikosea mtu anakua na sauti ya bata. Ikishika bikoni unasahau kabisa hilo tatizo. Ukinunua LNB ulizia yenye PLL ndani, saketi ya kushikilia masafa, zile za zamani zisizo nayo zinatangatanga mno, usihangaike nazo.

Na kabla hujatoa hata shilingi, kuna redio ya mtandaoni ya QO-100 iko Goonhilly kule Cornwall Uingereza, imewekwa na AMSAT-UK pamoja na BATC, vyama vya mahamu wa satelaiti na wa TV vya huko, ni bure, unafungua kwa simu unasikiliza. Mi naitumia mpaka leo kulinganisha, nikisikia kitu kule na kwangu hakipo najua dishi limesogea.

Mapungufu yapo. Haitakufundisha kufukuza satelaiti, mambo ya kusoma ratiba ya kupita na masafa kuhama hutayajua, na hayo ni sehemu ya utamu wa hii kazi. Na kurusha ni safari nyingine kabisa, unarusha kwenye 2400 megahezi, jirani kabisa na waifai, nguvu ni watti chache tu kwa dishi la namna hii lakini vifaa vyake sio vya Kariakoo, na bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ishara yako inayoanza na 5H usiguse, ni kosa. Kule juu nako kuna nidhamu, ukirusha kwa nguvu kuzidi bikoni kuna mtambo unaitwa LEILA unakuwekea king'ora juu ya sauti yako, kila mtu anasikia. Nimeusikia mara kadhaa, yule mtu anapunguza fasta.

Kwa mwanafunzi wa ufundi umeme, kwa mtu mwenye dishi limelala tu juu ya bati, kwa anayetaka kujua kama hii kitu anaipenda kweli kabla ya kulipia leseni, naipa tisa kwa kumi. Kwa anayetaka kuongea wiki ijayo, atafute leseni kwanza na hiyo redio ya mkononi anunue, ISS bado inapita.

Mi karatasi za leseni nimeshaanza kuzishughulikia. Dishi nimelipaka rangi, na LNB nimeifunika na kipande cha ndoo nyeupe isipigwe na jua, toka hapo mchana kuhama kwake kumepungua karibu nusu.