Boti yangu mpya na vijiti vya Mzee

Nimechukua boti yangu wiki tatu zilizopita kwenye karakana moja ya pwani hapa Goma, si mbali na Kituku. Mita tisa, mbao za libuyu. Nabeba nanasi kutoka Idjwi kila Jumanne na Ijumaa, roho yangu iko juu ya mbao hizo, kwa hiyo niliikagua hadi nikawachosha mafundi.

Nianze na vijiti, maana ndivyo vilivyonifanya niandike. Mafundi hawa hupanga mbao za chini kwanza, wakizishikanisha kwa vibao vidogo vinavyopigiliwa misumari juu ya maungio. Mataruma, yaani mbavu za ndani, huingia baadaye. Vibao vikishang'olewa, matundu yanabaki. Boti yangu ya zamani, iliyotoka kwingine, matundu yake yalipakwa lami tu, na msimu wa pili nikawa nachota maji kwa bidoo. Huyu Mzee wa karakana alichonga vijiti vya mti mkavu, akavigonga kimoja kimoja ndani ya matundu, akavikata kwa patasi. Nilipitisha kiganja chini kote: laini.

Nikamwambia, Mzee, Waholanzi wa zamani walifanya hivihivi! Katika mabaki ya merikebu zao za karne ya 17 vijiti hivyo vimeonekana kwenye mbao, na ndivyo vinavyoonyesha kwamba ganda lilitangulia, mataruma yakafuata. Mzee alicheka kwa furaha, akaniomba nimweleze tena mbele ya vijana wake.

Nikawaeleza pia habari za Batavia, merikebu ya Waholanzi iliyoundwa Amsterdam, ikavunjika kwenye miamba ya magharibi mwa Australia mwaka 1629. Sehemu ya tezi, yaani ya nyuma, iliopolewa miaka ya 1970 na sasa iko Fremantle. Ubavu wake una matabaka mawili ya mbao za mwaloni, na nje limeongezwa la msonobari ili minyoo ya baharini ile hilo kwanza. Ziwa letu la Kivu halina minyoo hiyo, lakini lina mawe, na pale ninaposhusha mzigo boti huburutwa. Mzee akaelewa papo hapo: akaongeza ubao wa kulika chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, dola kumi na tano. Ukichakaa unabadilishwa, mkuku unabaki mzima.

Kalafati, yaani kuziba maungio, ni safi, pamba imeshindiliwa mpaka ndani.

Kasoro ni vipimo. Fundi wa kulia alitumia mita ya sentimita, wa kushoto ya inchi, na kiti cha mbele kimekaa upande, kushoto kumezidi karibu vidole viwili. Jambo hili si dogo. Katika Vasa, merikebu ya Uswidi iliyozama Stockholm mwaka 1628 na msimamizi wa kwanza wa ujenzi wake alikuwa Mholanzi, Henrik Hybertsson, zilikutwa rula za mafundi: nyingine za futi ya Uswidi yenye inchi 12, nyingine za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Nilipowasimulia, karakana nzima ilinyamaza. Kesho yake kiti kiling'olewa na kupimwa upya, bila kunidai kitu.

Ukienda kuagiza, omba mita moja itumike pande zote, na uende mwenyewe siku ya kung'oa vibao. Mimi nimeshavuka mara sita na mzigo kamili. Chini ni kukavu.