Mkanda wa springi wa kupimia unene wa miti, kwa misitu ya vijiji vya Lindi

Kamati za maliasili za vijiji vya Kilwa, Liwale na Mtama (zamani Lindi Vijijini) zinapotaka kujua msitu wao unahifadhi kaboni kiasi gani, hutumia tepu ya kipenyo. Kwa kuhesabu miti iliyopo leo, tepu inatosha. Kwa kuonyesha mti umenenepa kiasi gani mwaka huu haitoshi: miti ya miombo huongezeka milimita chache tu kwa mwaka, na wapimaji wawili wakishika tepu ileile wanaweza kutofautiana kwa kiasi hichohicho. Hapo ndipo mkanda wa springi unapostahili fedha yake. Unabaki mtini daima, sehemu ileile.

Kifaa chenyewe ni chepesi. Kuna utepe wa chuma kisichoshika kutu, springi ya chuma hichohicho, na kola ndogo ambayo ncha ya utepe hupita ndani yake. Mti ukinenepa, springi hunyooka na alama kwenye utepe husogea. Umbali huo husomwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo, kisha hugawanywa kwa 3.14. Alama ikisogea milimita 6.3, kipenyo kimeongezeka milimita 2.

Ufungaji ndio unaoamua kila kitu. Pima mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu kama ni mteremko. Kata utepe urefu wa mzingo wa mti pamoja na sentimita 15 hadi 20 za kupishana. Gome la mninga ni nene na limepasuka. Kwangua magamba yaliyolegea tu, maana ukifika kwenye gome hai utomvu mwekundu utatoka na jeraha litavimba chini ya mkanda. Mpingo ni mgumu zaidi: shina lake mara nyingi lina mifereji, na mkanda hupita juu ya mfereji bila kugusa mti. Chagua mipingo yenye shina la mviringo, au iache ipimwe kwa tepu.

Msimu wa kwanza usiuhesabu. Mkanda bado unajikaza na kukaa sawa kwenye gome, kwa hiyo mara nyingi huonyesha ukuaji mdogo kuliko uliopo.

Tatizo kubwa, ambalo ni la matumizi zaidi kuliko la kifaa, ni maji. Mkanda hauwezi kutofautisha ukuaji halisi wa mti na shina lililovimba kwa kunywa maji. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikianza, gome na tabaka za nje za shina hujaa maji na mti huvimba kabla haujajenga chochote. Uvimbe huo unaweza kulingana na ukuaji wa miezi kadhaa. Kiangazi mti husinyaa. Kisha miombo huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, ikitumia maji iliyoyahifadhi, na shina hubadilika tena. Kikundi kikisoma Oktoba na kurudia Machi, kitaandika maji kama kaboni. Na kosa haliishii hapo: uzito wa mti hupanda haraka kuliko kipenyo, hivyo asilimia 1 ya kosa kwenye kipenyo huwa kama asilimia 2.5 kwenye uzito, ndipo uzito mkavu uzidishwe kwa 0.47 kupata kaboni na kwa 3.67 kupata hewa ya ukaa.

Dawa ni kusoma mwezi uleule kila mwaka, Julai au Agosti, na asubuhi mapema. Mchana majani hupumua maji na shina husinyaa, huku chuma kikirefuka kwa joto: kwenye mti wa sentimita 30, ongezeko la nyuzi 10 hurefusha utepe kwa milimita 0.16 hivi. Anayetaka kuelewa jinsi msitu unavyotumia maji asome kila mwezi, na aweke kipima mvua mahali pa wazi karibu na hapo. Bila takwimu za mvua, namba za mkanda hazieleweki.

Moto wa nyasi huua springi: ikipata joto kali hulegea, na hakuna dalili ya nje. Safisha nyasi kuzunguka mti mwezi Juni. Mchwa nao hujenga njia za udongo chini ya utepe na kuuinua, kwa hiyo zifute kila unapokuja kusoma, baada ya kuandika namba ya kwanza. Karibu na bahari, kama Kilwa Masoko, kataa springi ya chuma kilichopakwa zinki; chumvi huila.

Kwa hesabu ya msitu ya mara moja, usinunue. Kwa kikundi kitakachorudi kwenye miti ileile miaka mitano au zaidi, nunua, na funga mikanda kwenye miti myembamba na minene pia, si ile mikubwa ya kupendeza tu.