Miezi minane na mashine ya kukata chuma kwa plasma, ya ampea 40

Nozeli ya kwanza, ile ncha yenye tundu ambamo hewa ya moto hutokea, ilikufa siku ya pili. Tundu lake likiwa jipya ni duara safi la milimita moja hivi. Nilipoifungua lilikuwa limelika upande mmoja mpaka likawa na umbo la tone la maji. Nikafunga nyingine, nayo ikadumu siku tatu. Nikampigia muuzaji, akasema natumia ampea nyingi mno. Nikapunguza, mkato ukazidi kuwa mbaya. Hakuniuliza chochote kuhusu kompresa inayoilisha mashine hewa, na ugonjwa wote ulikuwa huko.

Mashine hii hupitisha umeme ndani ya hewa inayosukumwa kwenye tundu jembamba. Hewa hiyo huwa plasma yenye joto la maelfu mengi ya nyuzi, huyeyusha chuma, kisha msukumo wake wenyewe hupeperusha kilichoyeyuka kikatokea chini ya shiti. Sasa, kompresa ikibana hewa, unyevu uliomo hugeuka maji. Yakifika kwenye tochi, yaani mkono wa kukatia, basi nozeli na elektrodi, ile ncha ya ndani inayotoa umeme, hazina maisha. Nilipolegeza koki iliyo chini ya tangi, yalitoka maji ya rangi ya kutu, karibu kikombe kizima. Nikafunga kichujio cha kukausha hewa karibu na mashine, na tangu siku hiyo kila asubuhi namwaga maji ya tangi kabla ya kuwasha kitu chochote. Nozeli sasa inanidumia wiki kadhaa.

Elektrodi nayo ichunguzeni. Ni ya shaba, ila katikati ya ncha ina kipande kidogo cha metali iitwayo hafniamu, na hicho ndicho kinacholika polepole. Kishimo kikifika kina cha milimita moja hivi, mimi nabadilisha bila kusubiri, maana ukiilazimisha inaondoka na nozeli.

Baada ya hapo nimeipenda sana mashine hii. Shiti ya milimita 3 niliyokuwa nikiikata kwa gesi ilikuwa inajikunja kwa joto, nikashinda nikiigonga nyundo kuinyoosha. Plasma inapita haraka, joto halipati nafasi ya kusambaa. Na chuma cha pua, ambacho gesi ya oksijeni haikiwezi, hapa kinakatika vizuri tu. Gesi hukata chuma cha kawaida kwa sababu chuma huungua ndani ya oksijeni na oksidi yake huyeyuka mapema kuliko chuma chenyewe. Alumini ni kinyume: yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini oksidi inayoifunika inataka zaidi ya 2,000. Plasma haijali hayo, mradi kitu kinapitisha umeme. Mpira, kioo na mawe haiviwezi. Vya namna hiyo napeleka kwa wenye mashine ya maji, inayokata kwa maji ya shinikizo kubwa sana yaliyochanganywa na mchanga mgumu.

Mkono ndio unaochukua muda kuzoea. Mimi naangalia cheche chini ya shiti. Zikishuka wima, naenda polepole mno. Zikilala kidogo kuelekea nilikotoka, niko sawasawa. Zikiruka juu, sijatoboa, nimekimbia. Slagi, chuma kilichoyeyuka kikaganda chini ya ukingo, nayo inasema: ya mwendo wa polepole ni nene, inabanduka kwa tindo, ya mwendo wa kasi ni uzi mwembamba mgumu unaokurudisha kwenye grainda.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza: kingo mbili za mkato hazilingani. Hewa huzunguka ndani ya tochi, na kwenye yangu, kama zilivyo nyingi, upande wa kulia wa mwendo ndio unaotoka wima, wa kushoto unainama kidogo. Kwa hiyo nakata nikiwa nimeacha kipande cha kutumika upande wa kulia na kitakachotupwa kushoto.

Kwenye boksi wameandika milimita 12. Inakata 12, kweli, lakini ukingo unatoka na mawimbi. Mimi naihesabu kuwa mashine ya milimita 8. Kwa ampea zote 40 inafanya kazi dakika 6 kati ya 10, halafu inataka kupoa. Matundu madogo hutoka yamepanuka upande mmoja, hivyo ya bolti bado natoboa kwa drili. Vipande vingi vinavyofanana vya shiti nyembamba napeleka kwenye leza, hapo plasma ya mkono haina ubishi nayo.

Mabati, tafadhali, kateni nje na mvae kinyago cha moshi. Nilikata ndani asubuhi moja, moshi mweupe wa zinki ukajaa, na usiku nilitetemeka kwa homa hadi alfajiri.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kitabu cha maelekezo kinataja unyevu wa hewa kwa mstari mmoja tu, tena ukurasa wa mwisho.