Throto bodi iliyopanuliwa na kutobolewa: tathmini ya huduma niliyoilipia

Kwa miezi kadhaa sailensi ya gari langu, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, haikutulia. Kila niliposimama kwenye foleni, mshale wa mizunguko ulipanda na kushuka kati ya 500 na 900 kwa dakika, usukani ukatetemeka mikononi, na nilipowasha kiyoyozi injini ilikaribia kuzimika. Plagi na koili zilikuwa mpya, kwa hiyo gereji moja iliponishauri nifanyiwe marekebisho ya throto bodi, kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, nilikubali.

Huduma yenyewe ina sehemu mbili: koo la throto hupanuliwa kwa mashine na kusuguliwa mpaka ling'ae, kisha kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa hutobolewa tundu dogo, kwangu la milimita 3, ili hewa ipite hata kikiwa kimefungwa. Kazi ya mikono ilikuwa safi na siwezi kuilaumu. Ninachokilaumu ni ushauri, kwa sababu dawa ile haikuwa ya ugonjwa wangu.

Kwenye injini kama yangu, isipokanyagwa mafuta kisahani huwa karibu kimefunga kabisa, na hewa hupita kwenye mwanya mwembamba wa ukingoni na kwenye njia ya pembeni inayosimamiwa na valvu ya sailensi, ambayo kompyuta ya injini huifungua na kuibana kulingana na joto na mzigo. Kupanua koo, basi, hakuigusi sailensi hata kidogo. Faida yake, kama ipo, huonekana pale tu unapokanyaga sana. Nilichokipata mimi ni pedali yenye papara, maana mguso mdogo sasa uliingiza hewa nyingi kuliko zamani na gari likawa linaruka wakati wa kuondoka.

Tundu lilisaidia, nalo ndilo lililonipotosha. Kwa wiki mbili injini haikutishia kuzimika, nikaamini tatizo limekwisha. Kutetemeka kuliporudi niliifungua throto mwenyewe, na nilipopitisha kitambaa cheupe nyuma ya kisahani kikatoka na utando mweusi wa kaboni na mafuta, ule unaoletwa na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye njia ya hewa. Valvu ya sailensi ilikuwa imeganda kwa uchafu huohuo. Gereji ilikuwa imeng'arisha koo zima bila kuifungua valvu hiyo, jambo ambalo bado linanisikitisha.

Baada ya kuisafisha valvu ikafanya kazi, lakini injini iliyopata joto ikakataa kushuka chini ya 1,100: kompyuta ilikuwa imeshaibana valvu mpaka mwisho, na hewa ya tundu ikaendelea kuingia. Ilinibidi nitafute throto bodi nyingine ya aina ileile isiyoguswa, niifunge kwa gasketi mpya na kuiacha kompyuta ijifunze sailensi upya.

Kwa injini iliyobadilishwa kemshafti (mhimili unaofungua valvu za silinda) ikawekwa kali, inayohitaji hewa nyingi hata ikiwa imetulia, tundu hilo lina maana na ninaweza kulipendekeza. Kwa injini ya kawaida inayotetemeka, ningelipia kwanza usafishaji wa throto pamoja na valvu, na ukaguzi wa mipira ya vakyumu, ile midogo inayounganishwa na njia ya hewa ya injini, kwani ufa mmoja huleta dalili zilezile. Dawa ya kusafishia iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya throto bodi, kwa kuwa baadhi ya visahani vimepakwa utando maalumu ambao dawa kali ya kabureta huweza kuuondoa, na throto ya umeme isisukumwe kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Skrubu ya kizuizi cha kisahani isiguswe.

Sasa mshale wangu unakaa kwenye 750, na kiyoyozi kikiwaka unainama kidogo kisha unarudi.