Uzoefu wangu: kusaka kipima chaneli za waifai kwenye Linux, na yule kijana wa huduma kwa wateja

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Waifai ya nyumbani ilianza kusuasua kama mwezi hivi uliopita, tangu wapangaji wapya wahamie ghorofa ya juu. Mchana iko sawa. Ikifika saa moja jioni, watu wakisharudi makwao, video inazunguka tu. Nikahisi ni chaneli, yaani njia za hewani ambazo ruta hurushia mawimbi, zimebanana. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zimeachana kwa 5 MHz, ilhali ruta moja inakula upana wa kama 20 MHz, kwa hiyo zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo zima tunagombania hizo tatu. Kwenye simu programu za kuonyesha haya zimejaa tele, lakini laptopu yangu ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ndiyo inayokaa kwenye kona yenye shida, nami nilitaka kupima palepale ninapofanyia kazi.

Nikaanza kwa kuipigia kampuni iliyonifungia intaneti. Sikutaka makubwa, nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta tu, maana walilibadilisha wenyewe. Kijana akaniuliza natumia kompyuta gani. Nikamjibu. Kimya. Halafu kicheko, na nikamsikia kabisa anamwambia mwenzake pembeni, "Huyu anatumia Linux!" Akarudi hewani: "Kaka, hiyo ndiyo inakuharibia mtandao. Weka Windows kwanza, halafu utupigie." Nikamwambia simu ya mke wangu nayo inasuasua, je, nayo niiwekee Windows? Akakata.

Basi nikasema nitamwonyesha. Nikapakua programu moja yenye madirisha na michoro mizuri, jina lake naliacha. Inaomba nenosiri, naandika, inafikiri kidogo, inapotea. Tena. Inapotea. Kuja kuchimba, inataka kuendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mkuu wa mfumo mzima, na Wayland, ambayo ndiyo mfumo wa madirisha kwenye Ubuntu za siku hizi, haimfungulii mlango root hivihivi. Saa mbili zimekwenda. Wengine wakanishauri Kismet. Jamani, Kismet ni zana ya kazi nzito, ya kunasa na kuchunguza mitandao. Mimi natafuta namba ya chaneli, hiyo ni kuua mbu kwa rungu. Nikajaribu sudo iw na scan yake, amri ya kuandika ya kusaka mitandao, ikanimwagia mistari mamia kama risiti ya harusi. Nakiri hapo nilianza kuwaza kwamba labda yule kijana ana hoja, watu wa Linux tunajitesa.

Kumbe dawa ilikuwa ndani ya nyumba. nmcli ni amri inayokuja na NetworkManager, programu inayosimamia mitandao ya kompyuta, na Ubuntu ya kawaida inayo tayari. Hupakui chochote. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

nmcli dev wifi list

Mara ya kwanza ikanionyesha mtandao mmoja tu, wangu. Nilitukana, sifichi. Ilikuwa inanipa orodha ya zamani iliyokwisha kuihifadhi. Ongeza --rescan yes mwishoni, subiri sekunde chache, na hapo mtaa mzima ukajipanga mbele yangu: mitandao 19, kila mmoja na chaneli yake, nguvu yake kati ya 0 na 100, na vijiti vya kupanda kama ngazi. Kinyota pembeni kinaonyesha uliko wewe. Kinyota changu kilikuwa kwenye 6. Pamoja na wengine kumi na mmoja! Kwenye chaneli ya 11 walikuwepo wawili, tena dhaifu. Na kuna bwana mmoja kajikalia kwenye 9, ambako anawasumbua wa 6 na wa 11 kwa mpigo mmoja. Sijui ni nani, ila namtafuta.

Kwa anayependa kutazama mawimbi yakipanda na kushuka akitembea na laptopu chumba hadi chumba, wavemon ni tamu, nayo inakaa humohumo kwenye teminali. Kwa chaneli tu, nmcli yatosha. Nyota tano. Kampuni ya intaneti, sifuri.

Naam, sifuri ni kali mno, maana kesho yake alipokea dada mmoja mstaarabu, akanipa nenosiri ndani ya dakika mbili bila swali. Nikahamia 11, na jioni ile tulitazama mpira mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja. Wape nyota mbili, za yule dada.

Mambo yakawa shwari mpaka umeme ulipokatika wiki hii. Uliporudi nikaona video inazunguka tena. nmcli, --rescan yes: kinyota kiko kwenye 6. Ruta imewaka na mipangilio ya kampuni, na nenosiri nililopewa halikubali tena. Narudisha zile nyota mbili. Nikapiga simu, na kwa bahati yangu akapokea yuleyule kijana wa kwanza, nilimtambua kwa sauti. Akaniuliza natumia kompyuta gani.

Nikamwambia Windows. Nenosiri nikapewa papo hapo.