Mida au Sabaki: Agosti uende wapi kutazama ndege wa pwani?

Kila Agosti, ndege wa ufukoni wanapoanza kurejea kutoka kaskazini ya mbali, ubishi ni ule ule: hori la Mida, kule Watamu, au mdomo wa mto Sabaki, juu kidogo ya Malindi?

Mida huamuliwa na maji. Fika yakiwa yamekupwa, utaona ndege kama nukta tu kwenye tope. Fika yanapoanza kujaa, nao husukumwa hatua kwa hatua kukujia, hadi unaona wekundu wa tofali uliobaki kifuani mwa wale wadogo wenye mdomo uliopinda. Siku za bamvua, yaani maji makuu, usizubae, maji hupanda upesi. Njia ya mbao imepita katikati ya mikoko, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu anafika. Kiingilio kipo.

Sabaki ni kutembea, jua la utosi, na tope lililowahi kuimeza ndala yangu (sikuipata tena). Lakini kuna heroe, viboko, na pratinkole wa Madagaska, ndege wa kuhama anayeondoka kufikia mwisho wa Septemba.

Una mtoto na saa mbili tu? Mida. Una siku nzima na viatu visivyoogopa maji? Sabaki, tena uanze alfajiri.